Chalenji 25 za bethidei na swali moja la Susu

Jumamosi iliyopita nilifikisha miaka 25, na siku hiyohiyo nikamaliza chalenji ya 25. Imeisha, wasee. Nimechoka, nimeungua jua, na bado siamini.

Kwa wageni hapa, nieleze kidogo. Nilipofikisha miaka 24 niliwaambia marafiki wasininunulie keki wala zawadi. Badala yake ningefanya mambo 25 ambayo sijawahi kufanya, mwaka mzima, na kila moja likifika watu wanatuma chochote kwa M-Pesa. Mia, hamsini, hata bob ishirini. Pesa zote zinaenda kununua saruji ya bwawa la mchanga kijijini kwa Susu wangu, Makueni. Lengo lilikuwa shilingi 250,000.

Basi nikafanya. Niliendesha baiskeli kutoka Kibwezi hadi Kitui mjini, kupitia Ikutha na Mutomo, siku tatu, na makalio yangu hayajanisamehe mpaka leo. Nilipanda jiwe la Nzambani kule Kitui, lile ambalo wazee wanasema ukilizunguka mara saba mwanamke anageuka mwanamume na mwanamume anageuka mwanamke. (Nilipanda tu. Kuzunguka nilikataa, mambo yangu yako sawa vile yalivyo.) Nilitwanga muthokoi kwa kinu mpaka mikono ikatoa malengelenge. Nilisuka kiondo ambacho kimeinama upande mmoja na bado kuna mtu alikinunua. Niliuza maembe soko la Wote kutoka alfajiri. Nilikimbia kwenye vilima vya Mbooni na nikatapika, na hiyo video mliipenda sana kuliko zote, asanteni.

Lakini leo sitaki kujipiga kifua. Nataka kuwaambia kuhusu swali ambalo Susu aliniuliza mwezi wa tano wa hii safari, na vile hilo swali lilinipeleka kusoma historia ambayo nilikuwa nalala nayo darasani.

Nilikuwa nimekaa jikoni kwake, namwonyesha kwa simu vile pesa zinaingia. Nikamwambia, kwa maringo kabisa, "Susu, hii ni njia mpya ya kusaidia kijiji." Akaangalia simu, akaangalia mikono yangu, akauliza, "Na wewe umebeba mawe mangapi?"

Nikacheka. Nilidhani hajaelewa.

Kwanza, niseme kwamba hata hiyo "njia mpya" haikuwa mpya. Mwaka wa 1980, kijana wa Canada aitwaye Terry Fox, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa sababu ya saratani, alianza kukimbia kuvuka nchi yake ili kuchangisha pesa za utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, kabla ugonjwa kumrudia. Mwaka wa 2006, Mmarekani aitwaye Scott Harrison alifanya sherehe ya bethidei yake ya 31 New York, akawaambia wageni walipe mlangoni, na pesa zikaenda kuchimba visima Bobi, kaskazini mwa Uganda. Hapo ndipo shirika la charity: water lilianzia. Kwa hivyo bethidei ya maji ishawahi kufanywa, tena karibu na sisi.

Na hapa nyumbani? Mwaka wa 2012 Zack Kimotho alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu, akaelekea Afrika Kusini, barabarani, ili Wakenya wachangie kituo cha matibabu ya majeraha ya uti wa mgongo. Wazo lilikuwa rahisi: changeni ili arudi nyumbani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliomba shilingi milioni 500 za kupigana na njaa, na watu wakatuma kwa simu zao mpaka lengo likapitwa. M-Pesa ilikuwa na miaka minne tu wakati huo.

Sawa. Lakini Susu hakuwa anauliza kuhusu Terry Fox. Alikuwa anauliza kuhusu mwethya.

Kama wewe ni Mkamba na ulikulia kijijini, unajua. Kama ulikulia Umoja kama mimi, labda ulisikia tu neno. Mwethya ni kazi ya pamoja. Mtu ana kazi kubwa ambayo hawezi peke yake, tuseme kujenga nyumba, kufyeka shamba au kuvuna kabla mvua iharibu. Anaita majirani. Wanakuja, wanafanya, anawapikia. Kesho mwingine akiita, naye anaenda. Kando yake kulikuwa na mwilaso, kikundi kidogo cha watu wanaozunguka shamba hadi shamba kwa zamu. Hakuna anayeandika deni, lakini kila mtu anajua ni nani hajaonekana.

Sasa twende mwaka wa 1938. Najua wengi wenu mmepita Muindi Mbingu Street hapo tao, kando ya City Market, mkitafuta nyama choma. Huyo Muindi Mbingu ndiye nani? Serikali ya kikoloni ilikuwa imesema Wakamba wana ng'ombe wengi mno na udongo unaharibika. Suluhisho lao lilikuwa kuwachukua ng'ombe kwa lazima na kuwauza kwa bei ya kutupa, wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kinafunguliwa Athi River. Hawakuuliza kwa nini Wakamba wamebanwa kwenye ardhi ndogo, ilhali ardhi nzuri jirani imepewa walowezi.

Muindi Mbingu na Ukamba Members Association wakaongoza watu zaidi ya elfu moja kutoka Machakos hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto. Kumbuka Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos, ilitengwa kuwa wilaya 1992. Wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakisema wanataka kumwona Gavana. Mbingu akakamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ikarudi nyuma kwa ile sera ya kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Nimefikiria sana hiyo safari nikiwa kwa baiskeli. Mimi nilikuwa na gari la rafiki nyuma yangu lenye maji na ndizi. Wale walikaa Nairobi wiki nzima nzima na watoto. Na tofauti kubwa si ugumu. Wao walienda kwa ng'ombe wao wenyewe. Aliyetembea na aliyekuwa anaumia walikuwa mtu mmoja.

Hiyo hadithi ya udongo iliendelea. Mwaka wa 1937 ofisa wa kikoloni wa udongo, Colin Maher, alikuwa ameandika kuhusu Machakos kama mahali palipokwisha, panapogeuka jangwa. Serikali ikalazimisha watu wachimbe matuta. Watu wakagoma au wakafanya nusunusu, kwa sababu nani anataka kuchimba chini ya kiboko? Miaka ya 1950 mambo yakabadilika. Kazi ikaanza kupitia vikundi vya mwethya, watu wakichagua viongozi wao, na wanawake ndio wakabeba sehemu kubwa. Wakachimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, unakuwa ukingo unaozuia maji kukimbia. Mpaka leo wataalamu wa udongo duniani wanaandika "fanya juu" kwenye vitabu vyao kwa Kiswahili hivyohivyo, kwa sababu ya hivi vilima vyetu.

Na ile ardhi iliyosemekana imekwisha? Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, pamoja na sehemu ambayo sasa ni Makueni. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua badala ya kuongezeka. Watu walewale walioambiwa ni tatizo ndio waliitengeneza ardhi, kwa majembe.

Halafu uhuru ukaja, Kenyatta akasema Harambee, na wazo la mwethya likawa la nchi nzima. Shule, zahanati na mifereji ya maji vilijengwa na watu wenyewe. Wazazi wetu wengi walisoma shule za harambee. Hiyo ni kazi nzuri na sitaki mtu aidharau.

Lakini pole pole kitu kikageuka. Mgeni wa heshima akaanza kuja na bahasha. Mchango ukawa unasomwa kwa kipaza sauti: fulani, elfu mia mbili, makofi! Yule mama aliyebeba maji ya kukorogea saruji hakusomwa. Mwanasiasa akapewa maiki na mbuzi, na watu wakaanza kungoja bahasha badala ya kuitana. Ilifika mahali sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya 2003 ikaweka mipaka kwa maofisa kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano yetu, Rais akatangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee tena. Sisi tulikuwa tumechoka kuona mtu anachangia mamilioni kila Jumapili na mshahara wake tunaujua.

Nilipokuwa nasoma hayo nilijiona. Maiki yangu ni simu, na makofi yangu ni zile mioyo mnanitumia.

Turudi kwa maji. Ukambani mito mingi ni ya msimu. Mvua ikinyesha, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mto unajaa unanguruma, na baada ya siku chache umebaki mchanga. Lakini chini ya mchanga kuna maji, na ndiyo maana utaona akina mama wamechimba shimo katikati ya mto mkavu wanachota kwa kikombe. Bwawa la mchanga linafanya hilo liwe kubwa. Mnajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta kwa misimu miwili mitatu, na maji yanajificha ndani yake. Jua haliyafikii. Mbu hawapati pa kuzalia. Kiangazi kikija, unapiga pampu au unachimba kidogo tu.

Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianza kikundi Utooni, wakajenga mabwawa kama hayo kwa mikono yao. Kuanzia miaka ya 1990, kule Kitui, shirika la SASOL na vijiji wakajenga mamia, mto baada ya mto. Mpango ulikuwa karibu uleule kila mahali: kutoka nje inakuja saruji, vyuma na fundi. Mawe, mchanga, maji na nguvu vinatoka kwa watu. Hakuna ukuta ulioanza kabla kikundi hakijarundika mawe yake.

Sasa mnaelewa swali la Susu.

Mwezi wa saba nilifanya kosa ambalo wengi wenu hamkulijua, kwa sababu nilifuta na sikuwaambia kwa nini. Mchango ulikuwa umesimama. Nikaenda mtoni asubuhi nikamrekodi jirani ya Susu, mama mzee, akiwa ameinama ndani ya shimo la mchanga, anachota maji na kikombe cha plastiki. Nikaweka muziki wa huzuni. Sikumuuliza. Hiyo wiki pesa ziliingia kuliko mwezi mzima uliotangulia, na mimi nikafurahi.

Mjukuu wake yuko shule ya upili. Wenzake waliiona. Wakamwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake alinipigia simu. Hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema tu, "Mwanangu, sisi hatukuomba mwolyo."

Mwolyo ni chakula cha msaada. Ukambani hilo neno lina uzito. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa bethidei, walihesabu kwa njaa, na kila njaa ilikuwa na jina. Susu mwenyewe hana bethidei. Kitambulisho chake kina mwaka ambao karani alikisia. Lakini atakwambia nani alizaliwa njaa gani. Njaa ya mwisho wa karne ya 19, Ngomanisye, iliua watu wengi sana Ukambani. Ile ya miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Watu walikuwa na hela mkononi na chakula hakukuwa dukani.

Fikiria hilo jina. Kuna kizazi kizima kinachojua, kwa tumbo lake, kwamba pesa peke yake inaweza kukuacha ufe. Halafu mimi nikaja na simu kuwaambia nimewaletea pesa.

Nilifuta video. Nikaenda kwa yule mama kuomba msamaha, nikiwa na sukari na majani ya chai, na Susu akiwa amenisindikiza kwa sababu peke yangu nisingeweza. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema msamaha ameupokea, na kwamba mwethya ni Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi. Akaenda zake kulisha mbuzi.

Jumanne nikaenda. Kuna daftari. Majina yanasomwa, usipokuja bila sababu unatozwa faini. Jina langu likaandikwa la mwisho, kwa kalamu tofauti. Tulibeba mawe kutoka kwa kilima mpaka mtoni, wengine kichwani, wengine kwa mikokoteni, na wale wazee sana walikaa wakivunja kokoto. Saa nne nilikuwa nimekwisha. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu alinipita mara tatu akiimba. Hakuna aliyenirekodi. Kusema kweli hakuna aliyekuwa na habari na mimi, kila mtu alikuwa na mawe yake.

Tangu siku hiyo chalenji zilizobaki nilizifanya tofauti. Nilikuwa nauliza kikundi kwanza. Picha ya mtu haikutoka kabla aione na akubali. Na kila mwezi nilikuwa nashuka Makueni angalau Alhamisi moja. Mliona michango imepungua, na ni kweli, imepungua. Mwisho wa mwaka nilikuwa na shilingi 243,600. Sikufika lengo.

Nilipowaambia wanawake, kwa aibu, mweka hazina akafungua kisanduku cha chama chao. Zile 6,400 zilizopungua wakaziweka wao, mezani, noti za mia na mia mbili na sarafu. Hawakunifanyia hisani. Ukuta ni wao.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kubishana na mimi. Chalenji za bethidei si mbaya. Nitawatetea wanaofanya. Lakini tumezijenga kwa mfano wa harambee ya bahasha, ambapo mmoja anang'aa na wengine wanaonewa huruma, wakati nyumbani tulikuwa na mfano bora zaidi. Bethidei ni kitu ambacho kila mtu anacho mara moja kwa mwaka. Hata Susu, tumempa yake sasa, alichagua siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja kwa sababu mvua huwa imeanza. Yaani bethidei tayari ni zamu. Siku yako ukiita, watu waje kwa ajili ya kazi yako. Siku ya mwingine akiita, nawe uende. Na wale unaowachangia lazima nao wawe na siku ya kukuita, la sivyo ni mwolyo tu wenye muziki.

Najua mtu ataniambia, "Dada, mimi niko Nairobi, sina nauli ya kwenda kubeba mawe, acha nitume mia yangu." Tuma. Saruji haikujinunua, na mia zenu ndizo ziliinunua. Ninachosema ni kwa yule anayeshika simu na kukusanya, kama mimi. Wewe ndiye unapaswa kuwa kwenye daftari.

Chalenji ya 25 haikuwa na video kwa sababu ilikuwa tu siku ya mwethya ya mwisho. Ukuta umekwisha. Bado hauna maji, mvua za Oktoba hazijaanza, na mchanga utachukua misimu miwili au mitatu kujaa. Makueni wako na sheria ya mchanga tangu 2015, kwa hivyo malori hayatakuja kuubeba kirahisi, na kikundi kimeshapanga nani anaangalia mto siku gani.

Mwezi ujao kuna kazi nyingine. Matuta ya shamba la yule mama niliyemrekodi yamebomoka, na ameita watu. Ni Jumanne. Nimeomba ruhusa kazini.